Sura ya Tano: Uhakika Usiofika

Giza likiingia Naviundu, kazi ya mwisho ya siku katika kila lupangu, yaani kiwanja chenye nyumba, ni kufunga. Geti la bati linafungwa kwa mnyororo. Mlango wa nyumba unapigwa komeo, unatiwa kufuli, na katika nyumba nyingi unaegemezewa nondo kwa ndani. Watu wana sababu zao. Mitaa ya pembezoni mwa Lubumbashi, na Naviundu ya komuni ya Annexe ni mmojawapo, inazijua habari za majambazi wenye silaha wanaovamia nyumba usiku wa manane. Kwa hiyo mwenye nyumba anafunga kufuli, analivuta, anasikia chuma kikigota, anaondoka. Akifika chumbani, anarudi kulivuta tena. Anajua fika kwamba limefungwa. Mkono wake ndio uliolifunga dakika moja iliyopita. Lakini asipolivuta mara ya pili, usingizi unamkatalia. Akishalivuta, moyo unatua, na analala mpaka asubuhi.

Karibu kila mtu ana jambo lake la namna hiyo. Muuza makaa anahesabu magunia yake jioni, halafu anayahesabu tena kuanzia upande wa pili. Mama anapita uani kuhakikisha kaa la mwisho limezimika ndani ya mbabula, na akishaingia nyumbani anatoka kuchungulia mara nyingine. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari anakataa katakata kuandika mtihani wa Serikali kwa kalamu nyingine isipokuwa ile aliyoizoea. Dereva wa teksi anagusa rozari iliyoning'inia mbele yake kabla ya kuwasha gari, na siku akisahau, anaendesha kwa mashaka mpaka abiria wa kwanza ashuke salama. Hakuna mgonjwa hapo. Hayo ni mazoea yenye kusukuma kidogo, na mtu akishayatimiza anaendelea na maisha yake.

Ninalisema hili mapema kwa sababu siku hizi vijana waliosoma, wakipanga viatu vyao kwa mstari au wakichukia kuona sahani chafu, husema kwa kicheko kwamba wana TOC. Hilo ndilo jina la Kifaransa la ugonjwa ambao madaktari wa Nairobi na Dar es Salaam huuita OCD. Kicheko hicho kina madhara. Anayeumwa kweli akikisikia, anajiuliza kwa nini yeye hawezi kucheka, na anazidi kuficha.

Ugonjwa wenyewe una pande mbili. Kuna wazo, picha au hofu inayoingia bila kualikwa na kukataa kutoka. Kuna tendo, la mikono au la kimyakimya kichwani, ambalo mtu analirudia ili hofu ile itulie. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unaweka kipimo kinachotumika sehemu nyingi: mambo hayo yachukue zaidi ya saa moja kwa siku, au yamtese mtu kiasi cha kuharibu kazi yake, masomo yake au maisha yake na watu. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba kati ya watu 100, mmoja hadi watatu huupata katika maisha yao. Lubumbashi ina zaidi ya watu milioni 2. Tukichukua hesabu ya chini kabisa, mmoja kwa 100, tunapata zaidi ya watu 20,000 mjini humo, na naamini wengi wao hawajawahi kusikia kwamba wanachopitia kina jina.

Tuangalie noti ya dola, kwa maana hakuna mahali ambapo ukaguzi umekuwa desturi ya kila mtu kama Kongo. Mama muuza vitenge akipokea noti ya 20, anaiinua kwenye mwanga. Anapitisha kidole gumba ukingoni, pande zote nne, polepole. Akihisi mchaniko wenye urefu wa punje ya mchele, noti inarudi kwa mwenyewe, kwa sababu anajua wabadilisha pesa wanaokaa kando ya barabara na mafungu yao ya faranga wataikataa, na duka la jirani pia litaikataa. Anaigeuza, anakwaruza kola ya yule rais aliyechorwa kusikia kama karatasi ina makwaruzo yake. Kisha anaikunja, anaifunga kwenye ncha ya kitenge chake kiunoni, na mazungumzo yanaendelea. Mgeni kutoka nje angeshangaa na kudhani huyu mama ana tatizo. Hana. Amepima hatari iliyopo, amemaliza, amesahau.

Sasa tumfikirie mwenzake wa meza ya pili. Ameuza, amekagua, ametoa chenji. Mteja ameondoka. Linamjia wazo: je, nimempunja? Anahesabu faranga zilizobaki. Hesabu iko sawa. Lakini pengine wakati wa kuhesabu noti mbili zilishikana. Anahesabu upya, akilowesha kidole. Mtu akimsalimia katikati, hana budi kuanza mwanzo, kwa sababu hesabu iliyokatizwa haihesabiki. Anamkimbilia mteja barabarani kumwomba afungue mkono aone. Jioni anafika nyumbani, na badala ya kupika bukari anamwaga pesa kitandani. Hana tamaa ya pesa. Anaogopa kuwa mwizi bila kujijua. Baada ya miezi kadhaa anaacha kuuza, na ukoo unasema biashara imemshinda.

Mama huyu si wa kubuniwa kabisa. Mwaka 1838 daktari Mfaransa Jean-Étienne Esquirol alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu magonjwa ya akili, na ndani yake akamweleza mwanamke wa miaka 34 aliyemwita Bi F. tu. Mateso ya Bi F. yalianza akiwa na miaka 18, siku alipotoka kwa shangazi yake akaingiwa na hofu kwamba ameondoka na kitu cha shangazi mfukoni mwa aproni. Baadaye, akifanya kazi ya hesabu, alihangaika kwamba atakosea, na kwamba akigusa pesa kitu cha thamani kitabaki kimenata vidoleni mwake. Esquirol aliandika jambo ambalo madaktari wa leo bado wanalitafuta kwa mgonjwa: Bi F. alijua kwamba hofu zake hazina msingi. Alijua, na bado hakuweza kuacha. Karibu karne mbili na bahari nzima vinamtenganisha na soko la Lubumbashi, lakini vidole ni vilevile.

Kwa nini kuhesabu mara kumi hakumpi mtu uhakika ambao mwingine anaupata kwa mara mbili? Swali hili linanivutia kuliko yote katika sura hii, na jibu lake zuri lilitoka Uholanzi mwaka 2003. Watafiti Marcel van den Hout na Merel Kindt waliwaketisha watu wenye afya mbele ya kompyuta yenye picha ya jiko la gesi. Kundi moja liliwasha, likazima na kukagua jiko hilo mara 20. Kundi la pili likafanya vivyo hivyo kwa taa. Mwishoni wote wakaulizwa habari za jiko. Waliolikagua mara nyingi hawakukosea kuliko wenzao. Kumbukumbu yao ilikuwa sahihi. Kilichopotea ni imani. Picha ya jiko ilikuwa imefifia kichwani, na hawakuthubutu tena kuiamini. Watu wale hawakuwa wagonjwa, na hali hiyo ilizalishwa ndani ya kikao kimoja.

Maana yake kwa kufuli letu ni nzito. Mvuto wa pili unampa mwenye nyumba usingizi. Wa nane unachakaza kumbukumbu ya ule wa kwanza, hata mtu anasimama mbele ya chuma kilichofungwa, anakitazama kwa macho yake mawili, anakishika, na bado hahisi kwamba kimefungwa. Hapo anaanza kutafuta shahidi.

“Papa, mulango tulifunga?”

“Tulisha kufunga, Mama. Lala.”

“Una hakika? Uliona na macho?”

“Niliona.”

Jibu la mume limetoka moyoni, ni la upendo, na linafanya kazi kwa dakika tano hivi. Kisha swali linarudi. Nyumba nzima inaweza kuandikishwa katika utumishi huu bila kutambua: mtoto wa kwanza anatumwa kukagua geti, dada mdogo anaapa kwamba amenawa mikono kabla ya kushika sufuria, mume anaamshwa saa nane. Wataalamu wamegundua kwamba mahakikisho ya jamaa yanafanana na tendo lenyewe: yanatuliza kidogo na kulisha mashaka yanayofuata.

Hapa lazima nisimame kwenye ugumu ambao vitabu vingi vya Ulaya vinaupita haraka, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya watu ambao maji yao ni safi na mitaa yao inalindwa. Mto Naviundu umeupa mtaa jina lake, na mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya maji ya bonde lake pamoja na ya mito ya Luano na Ruashi, wakaeleza uchafuzi wa metali katika mji huu wa viwanda vya shaba na kobalti. Kipindupindu nacho ni mgeni anayerudi Haut-Katanga mara kwa mara. Mama wa Naviundu anayechemsha maji ya kisima, anayesuuza lengalenga mara tatu, anayewakataza watoto kuogelea mtoni na kuwafokea wasipogusa sabuni, anafanya linalompasa. Ningemhofia zaidi asiyefanya.

Basi utajuaje kwamba mwingine, anayefanya karibu yaleyale, ameugua? Idadi pekee haitakusaidia. Tazama kwanza kama tendo linaifuata hatari. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kipindupindu. Hakuondoi metali hata kidogo, na mama mwenye hofu ya kawaida akielezwa hivyo hubadilisha njia, hutafuta maji ya chanzo kingine. Mwenye ugonjwa hukubali maelezo kwa kichwa, kisha anayachemsha maji yaleyale mara ya nne, kwa sababu anasubiri hisia fulani ya kwamba sasa yanatosha, na hisia hiyo haifiki. Tazama pia kama anaweza kukatizwa. Mwenye tahadhari, mtoto akilia, anaacha beseni na kumkimbilia. Aliyeugua anabaki na mikono ndani ya maji, analia pamoja na mtoto, hawezi kuitoa. Ngozi ya vidole imepasuka, sabuni ya wiki imekwisha Jumanne, na ndoo zilizobebwa kutoka mbali zimemwagwa ardhini. Katika mtaa ambao maji yanabebwa kichwani, kipimo cha saa moja kinaweza kukudanganya. Ndoo zinasema ukweli mapema zaidi.

Kwa mahali kama hapa, mtu anaweza kuogopa kwamba tiba itamtaka mgonjwa adharau hatari za kweli. Sivyo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer alieleza wagonjwa wawili aliowatibu London kwa njia ambayo wakati ule ilionekana ya ukatili: waliwekwa mbele ya kile kinachowatia hofu, na wauguzi wakawazuia kufanya yale matendo yao ya kujituliza. Hofu ilipanda. Kisha, bila tendo lolote, ilishuka yenyewe. Njia hiyo imekuzwa na kulainishwa, mgonjwa sasa hupanga hatua pamoja na mtaalamu na huanza na hofu ndogo, na bado ndiyo tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mkubwa kwa ugonjwa huu. Ikitumika Naviundu, haimwambii mtu alale mlango wazi. Inamwambia afunge kufuli mara moja, kwa kutulia, akiliangalia, kisha aende kitandani na mashaka yake na asiyajibu. Mume naye anafundishwa jibu jipya. Akiulizwa kama mlango umefungwa anasema, “Mama, lile swali limerudi, niko hapa na wewe,” na anaishia hapo. Usiku wa kwanza ni mgumu kwa wote wawili. Jamaa wengi huona wanakuwa wakatili, na hapo ndipo wanapohitaji mtu wa kuwashika mkono.

Dawa zipo pia. Klomipramini, ya miaka ya 1960, imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima, ikitajwa hasa kwa ajili ya ugonjwa huu, na fluoksetini hutumika vilevile. Zinataka subira: wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua kama zimesaidia, na haifai kuziacha ghafla. Mjini Lubumbashi kipo Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Dokta Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo, shirika la Kikatoliki lililozaliwa Ubelgiji. Guislain alikuwa daktari wa Ghent wa zama zilezile za Esquirol. Mashariki zaidi kuna Tulizo Letu mjini Goma na SOSAME mjini Bukavu. Watu huvifikiria vituo hivi kuwa vya wale wanaotembea uchi barabarani, na kwa aibu hiyo muuza vitenge anayehesabu pesa kitandani hatakanyaga huko. Ninatamani sana wazo hilo life.

Nimebakiza upande wa ugonjwa usio na ndoo wala kufuli, ule wa mawazo matupu, kwa kuwa ndio unaoweza kumgharimu mtu zaidi katika mji wetu. Mwaka 2014 Adam Radomsky na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13, Sierra Leone ikiwemo. Karibu 94 kati ya kila 100 walisema kwamba katika miezi mitatu iliyopita walipata angalau wazo moja la ghafla wasilolitaka, kwa mfano kumsukuma mtu barabarani, kutukana mahali patakatifu, kumdhuru mpendwa. Kwa hiyo wazo baya lenyewe ni mali ya wanadamu wote. Wengi hulishangaa, hulipuuza, hulisahau. Mwenye ugonjwa hulikamata na kulihoji: kwa nini limenijia mimi? Je, mimi ni muuaji?

Sasa mweke hapo mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita. Anakata kitunguu, mtoto yuko mkekani, na picha ya kisu na mtoto inampita kichwani. Anatupa kisu. Kuanzia siku hiyo hashiki kitu chenye makali, hakubali kubaki peke yake na mtoto, anasali mpaka sauti inakauka. Akipata ujasiri wa kusema, atamwambia nani? Mara nyingi mchungaji, au mama mkwe. Na katika mji ambao kila mtu amewahi kusikia mtu akishutumiwa uchawi, watoto nao wakiwemo, ungamo hilo linaweza kugeuzwa ushahidi. Anawekwa kwenye mfungo wa siku nyingi, wakati bado ananyonyesha. Mtoto anachukuliwa. Nakasirika kila ninapolifikiria, maana mama huyu ni miongoni mwa watu walio mbali zaidi na kumdhuru mtoto wake. Wazo linamtesa hivyo kwa sababu linakwenda kinyume na kila anachokipenda.

Kanisa lenyewe lina kumbukumbu ya jambo hili, kama likitaka kuitumia. Mwaka 1522, akiwa Manresa huko Hispania, Inyasi wa Loyola, atakayeanzisha shirika la Wajesuiti, aliteswa na shaka kwamba dhambi zake za zamani hazikuungamwa kikamilifu. Aliungama, akaandika, akaungama tena. Alijiwa na mawazo ya kujirusha shimoni. Muungamishi wake alimwagiza asirudie dhambi yoyote ya zamani isipokuwa iliyo wazi kabisa, na agizo hilo halikumsaidia, kwani kwake zote zilikuwa wazi. Mwishowe aliazimia kutoziungama tena kamwe, hata shaka ikirudi. Meyer angelitambua azimio hilo.

Kwa hiyo mchungaji anayeletewa mama wa namna hii anaweza kusali naye. Nisingependa amnyime sala. Lakini kabla ya kumpa jina la pepo, amuulize. Je, analiogopa wazo hili na kulichukia, au anaona ni jambo jema linalopasa kufanyika? Je, anajua ni wazo lake mwenyewe, au anasikia sauti ikimwamuru? Je, analala usingizi, anazungumza kwa mpangilio, anawatambua watu? Anayesikia amri, au anayesadiki kwamba mtoto si wake au lazima afe, ana ugonjwa mwingine kabisa. Apelekwe hospitali leo hii, na asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja. Anayeogopa na kuchukia aambiwe kwanza kwamba mawazo ya namna hiyo huwapata wazazi wengi, kisha asindikizwe kwa daktari. Kumfichia visu na kumnyang'anya mtoto ni kumthibitishia kwamba wazo lilisema kweli. Mtaalamu akishampima ataanza naye na mambo madogo, kama kumwogesha mtoto akiwa na mtu karibu, kisha peke yake, kisha kurudi kukata mboga mtoto akiwa mkekani, na kazi hiyo inaweza kuchukua miezi.